Nani Amebeba Sufuria?

Vijana wetu wameanza kuandika fantasia kwa Kiswahili, na mimi ni mmoja wa wanaozisubiri kazi hizo kwa hamu. Wakinionyesha madaftari yao, kabla ya sura ya kwanza nakuta kurasa za maandalizi: ramani ya nchi isiyokuwepo, ukoo wa wafalme, kisha jeshi. Jeshi ndilo hupewa nafasi kubwa. Kuna kombania ya kupigana msituni yenye jemadari, makamanda, wadunguaji, mchawi wa moto na wapanda farasi. Kila mmoja ana upanga wenye jina, ngao yenye nembo, na deraya ya chuma inayong'aa. Nasoma kwa furaha, halafu nauliza swali ambalo mara nyingi huzima mazungumzo: sufuria ya kupikia amebeba nani?

Siulizi ili kumkatisha mtu tamaa. Kwenye nchi ya wazi kuna barabara, na penye barabara kuna mikokoteni. Msomaji hatashangaa chakula kikifika. Msitu hauna huruma hiyo. Kila kinachofika mbele kimefika juu ya kichwa au mgongo wa mtu: risasi, unga, chumvi, dawa, turubai, hata karatasi ya kuandikia amri. Kwa hiyo suala la nani anabeba nini linaamua vyeo, linaamua mwendo, na linaamua nani atakufa. Mtunzi akilikwepa, msitu wake utabaki pazia la kijani lililotundikwa nyuma ya waigizaji.

Nasi tunaosema Kiswahili hatuna haja ya kuazima mfano. Zipo kombania zilizopigana kweli katika misitu, mabonde na vinamasi, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi zao, kuanzia Mahenge na Rufiji hadi kwenye mto Chindwin huko Burma. Historia yao ni ya machungu, kwa kuwa vita vyenyewe havikuwa vyao. Lakini ndani yake mna elimu kuhusu jeshi la msituni ambayo mtunzi hataipata kwenye mchezo wowote wa kompyuta.

Chukua kombania moja ya jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Zilikuwa kombania 14 za namna hiyo, zimetawanywa Iringa, Mahenge, Lindi, Tabora, Bukoba na kwingineko. Kila moja ilikuwa na Wajerumani wasiozidi 20 hivi, askari Waafrika kati ya 150 na 200, na bombomu mbili au zaidi. Ngazi ya vyeo vya Waafrika ilianzia kwa askari wa kawaida, ikapanda kwa ombasha, shaushi, bashaushi, sol, na kileleni kabisa efendi. Vyeo hivyo vililetwa na askari wa Kisudani ambao Hermann von Wissmann aliwaajiri Misri mwaka 1889 ili kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, na jeshi la Misri nalo lilikuwa limevirithi kwa Waturuki. Ngazi ilikuwa na dari. Efendi, hata awe amepigana miaka ishirini, alikuwa chini ya Mjerumani mgeni aliyeshuka melini jana. Mtunzi wa fantasia anayetaka chuki iliyojificha ndani ya kombania yake hana haja ya msaliti mwenye kovu usoni. Dari ya namna hiyo inatosha.

Silaha nazo zina somo. Kombania nyingi ziliingia vitani na bunduki za mtindo wa 1871, za risasi moja moja, zinazotumia baruti ya moshi. Kwenye uwanja wa wazi upepo hupeperusha moshi ule. Chini ya miti hauendi popote. Mpigaji anafyatua, wingu jeupe linasimama mbele ya uso wake, haoni alichokipiga, na adui aliye upande wa pili wa kijito anajua sasa pa kulenga. Hiyo ndiyo silaha inayomtaja mwenyewe. Novemba 1914, baada ya Waingereza kushindwa Tanga, Wajerumani waliokota bunduki za kisasa zilizotosha kombania kadhaa, bombomu 16 na risasi laki sita. Askari aliyekabidhiwa bunduki isiyotoa moshi siku ile alipata nafasi ya kufyatua risasi ya pili. Ukitaka kumpa shujaa wako silaha ya ajabu, usimpe inayowaka miali. Mpe isiyoonekana ilikotoka.

Sasa nifike kwa farasi, maana kwenye madaftari hawakosekani. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts, wa upande wa Waingereza, aliingia nchini na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, akitumaini kumzunguka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwa kasi. Mbung'o walimaliza hesabu hiyo. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwenye njia za Pangani, Handeni na Morogoro, mizoga ikapanga mstari nyuma ya jeshi. Mdudu mdogo ndiye aliyeamua kwamba vita vile vitabebwa na binadamu.

Hapo ndipo anapoingia mpagazi, na hapo nitakaa kidogo.

Katika kombania ile ya mwaka 1914 wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Kwa kawaida walizidi 200. Hawakuwa na tepe begani wala bunduki. Bado walikuwa na ngazi yao, iliyokuwepo nchini kabla ya ile ya Waturuki, ngazi ya misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Mbele alitembea kirangozi, aliyejua njia, maji na mahali pa kulala. Kila kundi lilikuwa na mnyapara wake, aliyegawa mizigo asubuhi na kusikiliza malalamiko jioni. Kisha wapagazi wenyewe, kila mmoja na mzigo wa farasila moja na nusu hadi mbili. Wale waliozoea kazi ya misafara walikuwa watu wa fani: waliufunga mzigo usicheze, walijua kuubadilisha bega bila kusimamisha mstari. Vita vilipopanuka, Waingereza na Wajerumani hawakutafuta watu wa fani tena. Walikamata yeyote.

Hesabu ya mzigo ni rahisi, na ningependa kila mtunzi aifanye mara moja kwa kalamu. Mpe mpagazi kilo 25 za unga. Anakula kilo moja kwa siku, kwa sababu asipokula hatembei. Kombania iko mwendo wa siku 10 mbele. Akienda atakula kilo 10, na za kumrudisha ni 10 nyingine. Anachokabidhi ni kilo tano. Watu 100 waliotembea siku 20 kwenye tope wameleta kilo 500, na kombania ya watu 180 itazimaliza kabla ya siku tatu kutimia. Hapo hatujabeba risasi hata moja. Hatujahesabu waliougua njiani, wala mvua kama ile ya mwanzo wa 1917, wakati bonde la Rufiji lilipogeuka bahari na watu wakatembea majini kifuani.

Ndiyo maana Waingereza peke yao waliwaandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita vile. Waliokufa, kwa takwimu za Waingereza wenyewe, wanakaribia 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini walizidi 100,000. Wachache ndio waliouawa kwa risasi. Wengi walikufa kwa malaria, kwa vichomi, na zaidi kwa kuhara. Watu waliozoea ndizi au viazi walipewa unga wa mahindi ulioparazwa ovyo, wakaupika nusunusu kwenye kuni mbichi usiku wa mvua, wakaula kwa sababu hapakuwa na kingine. Unga ule uliwachana matumbo. Naona mara kwa mara katika hadithi za vita jeshi likilemewa na zimwi lenye vichwa saba, na sipingi zimwi. Lakini unga ambao haukuiva uliua watu wengi kuliko bombomu, na sijaona bado mtunzi aliyethubutu kuufanya adui mkuu wa hadithi.

Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza. Tunakwenda pale kununua vitenge, simu na samaki.

Kombania haikuwa askari na wapagazi tu. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walitembea na kaya zao: wake, watoto, na vijana wa kuwatumikia. Kambi ilipopigwa, wanawake ndio waliotafuta kuni na maji, wakasaga, wakapika, na mara nyingine wakajifungua njiani na kuendelea na safari. Maofisa wa Ulaya waliowahi kuona jeshi lile likipita waliliona kama kijiji kinachohama. Ndivyo lilivyokuwa, na hiyo ilikuwa sehemu ya nguvu yake. Askari aliyekuwa na mke kambini alikuwa na mtu wa kumwuguza na sababu moja zaidi ya kutotoroka. Jambo hili linaudhi, kwa kuwa kaya zile zilijengwa pia kwa wanawake waliotekwa. Mtunzi hana budi kulibeba lote, uaminifu na dhuluma pamoja, kwa sababu kambini havikutenganishwa.

Kuhusu mizigo mikubwa, mfano usiosahaulika ni mizinga ya manowari Königsberg. Meli hiyo iliangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi, ya sentimita 10.5, ikaopolewa, ikafungiwa magurudumu, ikaanza kukokotwa nchi kavu na makundi makubwa ya watu kwa kamba, kilima baada ya kilima, hadi mmoja mmoja ulipoharibika au kutelekezwa. Mmoja upo Mombasa, nje ya Fort Jesus, na watalii hupiga picha wakiwa wameuegemea. Ukilitazama bomba lake, urefu na unene wake, usiwaze lilivyopiga. Waza kamba, mabega, na mteremko wenye tope ambamo watu walikuwa nyuma ya mzinga wakiuzuia usiwaangukie walio mbele. Kama kombania yako ya kubuni ina joka la chuma au sanamu ya vita inayotema moto, kuna watu wameivuta hadi pale, na wanajua siri zake za kukwama kuliko jemadari anayeiamrisha.

Miaka 26 baada ya vita hivyo kumalizika, watu wa Afrika Mashariki walikuwa tena msituni, mara hii mbali na kwao. Agosti 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilipokea zamu Tamu, mpakani mwa India na Burma, ikaanza kushuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule. Askari wake walitoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwezi Novemba walifika Kalemyo, Desemba wakawa wanavuka Chindwin. Bonde lile lilijulikana kwa malaria na homa nyingine kiasi kwamba Waingereza waliliita kwa jina la kifo.

Vifaa vilikuwa vimebadilika. Sare ilikuwa ya kijani badala ya kaki. Kila mtu alikuwa na shanta, chupa ya maji, panga, na vidonge vichungu vya manjano vya kuzuia malaria ambavyo ombasha, sasa akiitwa koplo, alihakikisha vimemezwa mbele ya macho yake. Bunduki ndogo za rashasha zilipendwa kwa sababu msituni adui huonekana hatua 15 mbele, na bunduki ndefu inanasa kwenye kamba za miti. Chakula kilishuka kutoka angani kwa parachuti. Magunia mengine yaliangushwa bila parachuti, na aliyekuwa chini yake aliweza kufa kwa chakula chake mwenyewe. Ndege zilipunguza kubeba, lakini hazikuondoa kubeba. Kutoka uwanda wa kudondoshea hadi kwenye mahandaki ya platuni iliyo juu ya kilima, mzigo ulirudi begani.

Hesabu nyingine ya msituni ni ya machela. Majeruhi mmoja anahitaji wabebaji wanne, na kwenye njia ya utelezi wanahitaji wanne wengine wa kupokezana. Majeruhi kumi wanakula watu 80. Kombania yenye watu 120 ikipata majeruhi kumi asubuhi, mchana huo si kombania ya kupigana tena. Ni msafara wa wagonjwa wenye walinzi wachache. Kamanda anayelijua hili husita kabla ya kuamuru shambulio, na kusita kwake si woga. Kama hadithi yako ina mganga anayefunga jeraha kwa kulipulizia, fahamu kwamba amekurudishia watu tisa, si mmoja. Thamani yake ni hiyo, na makamanda wa pande zote mbili wangemwinda yeye kabla ya yeyote mwenye upanga.

Msitu unafanya jambo moja zaidi kwa vyeo. Kamanda wa kombania, aliyezoea kuwaona watu wake wote wakiwa kwenye gwaride, akiingia chini ya miti anawapoteza machoni. Anachokiona ni migongo mitano. Anachokisikia ni mlio wa ndege ambao pengine si ndege. Amri yake inafika kwa mnong'ono unaopokezana mtu kwa mtu, na ikifika mwisho wa mstari imebadilika. Hapo uongozi unashuka wenyewe hadi kwa yule anayeweza kuwagusa watu wake kwa mkono: koplo na watu wake wasiozidi kumi. Katika KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza, wakati wa vita vile Mwafrika hakuvuka cheo cha afisa mteule mwenye kuongoza platuni, cheo kilichoanzishwa mwaka 1942. Lakini usiku, mvua ikinyesha, aliyejua kama kombania ingekuwepo kesho ni koplo, na watu wote walilijua hilo, mkubwa na mdogo.

Mmoja wa makoplo hao alikuwa Waruhiu Itote wa Nyeri, aliyejiunga na KAR mwaka 1942 na kupelekwa Burma, mbele ya Kalewa. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 anasimulia jinsi askari mmoja Mwingereza alivyomwuliza huko anapigania nini, na swali likamkaa. Miaka kumi baadaye alikuwa kwenye msitu wa Mlima Kenya akiitwa Jenerali China, akiamrisha maelfu ya wapiganaji dhidi ya serikali iliyomfundisha kupigana msituni.

Ukitafuta jeshi la kubuni lililokuwa la kweli, hili la Mau Mau ndilo. Watu waliokuwa wamezuiwa kuvuka dari walijitengenezea ngazi nzima hadi juu. Wakawepo majenerali, mabrigedia, mameja. Dedan Kimathi akawa Field Marshal, na Muthoni wa Kirima akawa mwanamke aliyebeba cheo hicho hicho. Kuna waliocheka wakati ule, wakisema ni majenerali wa vichakani waliovaa ngozi. Mimi naona kitu kingine. Cheo kilikuwa kifaa, tena kile pekee ambacho adui hangeweza kukizuia kisiingie msituni. Mtu aliyeitwa boi shambani kwa mzungu, akilala njaa kwenye baridi ya Nyandarua futi 10,000 juu ya bahari, alihitaji kuitwa kwa jina linalomwambia kwamba anastahili kutiiwa. Ubunifu huo haukuwa mchezo.

Silaha zao nazo walizibuni. Bunduki halisi zilikuwa chache, hivyo mafundi walichukua mabomba ya maji, wakayafunga kwenye mbao zilizochongwa, wakatumia komeo la mlango, misumari na mipira ya kuvutia kuwa mtambo wa kufyatulia. Silaha hiyo ilitisha pande zote mbili, maana bomba lingeweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Aliyepewa kuibeba alipewa heshima pamoja na hatari. Walikuwapo pia makarani. Kimathi alisisitiza kuandika: majina, mikutano, makosa, adhabu. Karari Njama, aliyekuwa mwalimu, alifanya kazi ya uandishi huko na kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1966. Fikiria uzito wa madaftari katika msitu wa mvua, mtu akiyakumbatia chini ya koti ili yeye alowe yasilowe.

Na unga? Uliletwa na wanawake. Walitoka vijijini usiku, wakavuka hadi ukingoni mwa msitu, wakaacha chakula na habari mahali palipoagizwa. Hao ndio waliokuwa wapagazi wa jeshi hilo. Waingereza walielewa hesabu ya mzigo vizuri zaidi kuliko watunzi wengi. Kuanzia 1954 waliwahamishia watu kwenye vijiji vilivyozungushiwa uzio, wakawalazimisha kuchimba handaki refu kando ya msitu, maili 50 hivi, na kusimika ndani yake miti iliyochongoka. Mabomu ya ndege hayakufanya kazi kubwa. Handaki lilifanya. Lilimtenga mbebaji na anayebebewa, na kuanzia hapo majenerali walianza kula mizizi, asali na nyama ya mitego.

Nirudi kidogo kwenye zile kombania za Wajerumani. Walipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, walikuwa wamebaki askari zaidi ya 1,100 na wapagazi zaidi ya 1,500. Hata siku ya mwisho wabebaji walikuwa wengi zaidi. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee malimbikizo yao, na husimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee mia kadhaa, wachache wao wakiwa na hati. Ofisa aliyeleta fedha akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani kufanya kwata. Wazee wakanyanyua fagio mabegani, na hakuna aliyekosea. Nikiisoma habari hiyo, namfikiria mpagazi mzee aliyesimama pembeni. Angepimwa kwa amri gani? Kazi yake haikuwa na kwata. Upande wa Waingereza wapagazi walivishwa shingoni sahani ndogo ya chuma yenye namba. Wengi walipokufa, mishahara yao haikuwafikia ndugu, na makaburi yao hayakuwekwa alama. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000.

Watunzi wakubwa wa fantasia walilijua jambo la mbebaji. J.R.R. Tolkien alikuwa ofisa wa mawasiliano kwenye vita vya Somme mwaka 1916, na baadaye alieleza kwamba Sam Gamgee alimchora kutokana na askari wa kawaida na watumishi wa maofisa aliowajua huko. Tazama basi Sam anafanya nini. Anabeba sufuria zake toka nyumbani, anapika sungura porini, na karibu na mwisho, nguvu zikiwa zimeisha, anazitupa shimoni na moyo unamuuma. Kisha anambeba bwana wake mgongoni. Glen Cook naye, katika mfululizo wa The Black Company ulioanza mwaka 1984, alimpa usimulizi daktari wa kombania, ambaye pia ndiye mtunza kumbukumbu zake. Ushindi na aibu vinaandikwa kwenye daftari moja. Na kwetu, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, akayasimamisha majeshi ya Warumi na Waislamu ambayo hakuna mtu wa pwani aliyeyaona. Kubuni jeshi kwa Kiswahili hakukuja na filamu. Tunao urithi wake wa karibu miaka 300, na nisingependa kijana yeyote ajione mwizi anapoushika.

Kwa hiyo daftari likirudi mezani kwangu, hili ndilo ninalolipendekeza. Deraya ya chuma iende: itapata kutu kwa wiki moja, itagonga matawi, itamzamisha mwenye kuivaa kwenye kijito cha kwanza. Ngozi nayo itaoza kama haikupakwa mafuta. Farasi wabaki nyumbani, isipokuwa mtunzi ana sababu nzuri ya kuwaua njiani na anataka tuuone uchungu wake. Kirangozi awekwe mbele ya jemadari, kwa sababu jemadari asiyejua maji yalipo ni abiria. Kila koplo awe na watu wanaotosha kushikwa mkono gizani. Awepo karani, na daftari lake liwe na majina ya wanaobeba, ukurasa wa kwanza, yakiwa yameandikwa kamili pamoja na mahali alikotoka kila mmoja, ili mmoja akianguka kwenye sura ya tisa msomaji ajue nani ameanguka.

Na mchawi wa moto asifutwe. Nampenda mchawi wa moto. Ila katika msitu wa mvua kuunguza adui si kazi yake ya kwanza, kwa kuwa hakuna kinachoshika. Kazi yake ni kuwasha kuni mbichi saa nane za usiku bila moshi na bila mwanga, watu 400 wale unga ulioiva, na wasihare. Akimaliza hapo ndipo apigane, kama amebakiwa na nguvu. Cheo chake kiwe chini ya mnyapara, kwa kuwa mnyapara ndiye anayepita mstarini kabla ya alfajiri, anashika vipaji vya nyuso, na kuamua mizigo ya nani leo igawiwe wengine.